Itoe hiyo fyuzi kabla hujaondoka

Mwanangu,

Dada yako kaniambia unasafiri Ijumaa usiku, na kwamba fyuzi ya soketi ya kuchajia simu garini iliungua, ukapachika ya ampea 30 mahali pa ya 15, ikawaka, ukafurahi. Mimi usingizi umeniruka. Fyuzi ya 15 hukatika ili waya usiungue, baba. Ya 30 inauachia waya ule ule mwembamba ubebe umeme mara mbili ya uliopimiwa. Ukishika moto, ganda lake linayeyuka humo ndani ya dashibodi, na hutaona kitu mpaka unuse. Usiku, barabarani, peke yako.

Kwa hiyo itoe. Usingoje Ijumaa.

Zima gari, chomoa ufunguo. Soma mchoro kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, usikisie, maana magari mengi yana visanduku viwili: kimoja chini ya dashibodi, kingine ndani ya boneti. Mara nyingi humo huwekwa kikoleo kidogo cha plastiki cha kuchomolea. Fyuzi iinue kwenye mwanga: nzima ina kiuzi cha madini kinachounganisha miguu yake miwili; iliyoungua, kiuzi kimekatika, na pengine plastiki imeingia weusi. Namba iko juu kichwani, na rangi zinasaidia: 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani. Wewe unataka bluu. Chukua na za akiba.

Kuipata mwenyewe bila fundi, hapo nakusifu. Wenzako wengi hata boneti hawajui inafunguliwa wapi. Ila ubishi huo hukuutoa mbali. Na usinikumbushe nani alikuwa akizungushia fyuzi karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Gari lile halipo tena, basi yaishe.

Bluu nayo ikiungua papo hapo, usiweke nyingine. Hiyo ni shoti. Mulika ndani ya soketi kwa tochi kabla hujafika mbali; sarafu ikidumbukia humo inatosha kabisa. Kama hakuna kitu, waya umechubuka mahali, mpelekee fundi umeme. Na ile pampu ya kujazia upepo, unaichomeka pamoja na chaja mbili kwenye kigawanyio kimoja, halafu unashangaa! Pampu ichomeke peke yake.

Baba yako anaulizia spana yake namba 10, anasema wewe ndiye wa mwisho kuishika. Bomba la jikoni linadondosha tena, tumekinga ndoo. Ufunguo wa kabati la chumbani kwako hatuuoni. Kama umeondoka nao sema mapema, nisije nikavunja kufuli bure, shuka za wageni zimo humo.

Picha ya kisanduku nitumie leo, kifuniko kikiwa wazi. Usinitumie ujumbe wa "tayari mama". Picha.

Mama yako