Mkojo una bakteria, mgonjwa yuko wapi?

Mhariri,

Habari yenu ya juzi kwamba UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inawamaliza wazee wa Mwanza imenikera. Mmehesabu waliokutwa na bakteria kwenye mkojo mkawaita wote wagonjwa. Kuna aliyewauliza kama walikuwa wanaumwa? Nimekuwa muuguzi mpaka nikastaafu, gazeti lenu nalisoma miaka yote bila kuwaandikia, lakini hili hapana.

Wazee wengi, hasa akina mama na wenye kisukari, wanaishi na bakteria hao bila homa, bila kuungua wakikojoa, bila maumivu ya ubavuni. Mwongozo wa wataalamu wa maambukizi wa Marekani wa 2019 unasema watu kama hao wasipimwe wala kutibiwa, hata mkojo ukioteshwa maabara na kukutwa bakteria 100,000 kwa mililita. Wanaopaswa kupimwa hata kama hawaumwi ni wajawazito, na wanaosubiri upasuaji wa njia ya mkojo.

Mama yangu mzazi alivuka kutoka Sengerema kuja kupima sukari tu, kwenye zahanati moja hapa mjini. Akaambiwa atoe na mkojo. Kitepe cha kupimia mkojo kilipobadilika rangi, karatasi ikarudi imeandikwa "UTI sugu". Mama akasema, "Baba, mimi naumwa magoti." Nani amsikilize! Akachomwa sindano asubuhi na jioni, akaongezewa sipro, dawa ya kuua bakteria, akaharisha mpaka kikombe cha uji kikamshinda kushika, na hela ya vidonge vyake vya sukari ikaishia humohumo. Baadaye alipopata UTI ya kweli, yenye homa na kutetemeka, mkojo ukaoteshwa, bakteria wakakutwa wameshaizoea sipro, haikufua dafu. Ikabidi alazwe.

Halafu kuna hao wanaozunguka sokoni na stendi na vipaza sauti, wanauza chupa za kusafisha "UTI sugu", na wanaachwa tu! Huku mjamzito anafika kliniki anaambiwa vitepe vimeisha, wakati bakteria wasiotibiwa wanaweza kumpandia hadi kwenye figo, akajifungua kabla ya wakati.

Mganga Mkuu wa Mkoa aagize kila fomu ya maabara iwe na mstari mmoja: "Mgonjwa analalamika nini?" Mstari ukiwa mtupu, na huyo si mjamzito wala hasubiri upasuaji huo, asipewe kikopo cha mkojo. Na nyie mkirudia habari hiyo, andikeni wangapi kati ya hao walikuwa na homa.

Muuguzi mstaafu,
Nyegezi, Mwanza