Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Stendi ya Kuhamishika ya Shabaha za Chuma

Ndugu wanachama,

Masuala ya ada, mahudhurio na hesabu yamo katika taarifa za Katibu na Mhazini, nami sitayarudia. Taarifa yangu inahusu kazi iliyochukua sehemu kubwa ya muda wa kamati mwaka huu, yaani utengenezaji wa stendi ya kuhamishika ya kuning'inizia shabaha za chuma kwa ajili ya raifo.

Sababu ya kazi hii mnaifahamu. Eneo tunalolengea shabaha nje ya mji wa Dodoma si mali yetu, na tukimaliza hatuna budi kuondoka na kila kilicho chetu. Shabaha za karatasi nazo, katika upepo wa Julai na Agosti, huchanika kabla mtu hajajua risasi yake imetua wapi, na kila mara ufyatuaji husimamishwa ili watu waende kutazama. Chuma hakihitaji kutazamwa, kikigongwa hulia.

Lilikuwepo pendekezo la kununua chuma cha kawaida, kile cha kutengenezea mageti, kwa kuwa ni rahisi na kinapatikana kila mahali. Kamati ililikataa, na naamini ilifanya vyema, kwa sababu chuma laini hubonyea, na kila kishimo huwa kama kibakuli kinachorudisha vipande vya risasi kule vilikotoka. Tulichukua bamba sugu aina ya AR500, lenye ugumu wa takriban 500 kwa kipimo cha Brinell na unene wa milimita 10. Bamba la duara lenye kipenyo cha sentimita 30 lina uzito wa kilo tano na nusu hivi. Mabamba yalikatwa kwa mashine ya plazma badala ya gesi, maana moto wa gesi hulainisha kingo kwa upana mkubwa zaidi, na kwa sababu hiyohiyo hakuna ruhusa ya kuchomelea kitu chochote kwenye bamba.

Mjadala mrefu ulikuwa juu ya stendi yenyewe. Wapo waliotaka fremu nzima ya bomba nene, idumu miaka. Msimamo wangu ulikuwa, na bado ni huo, kwamba fedha ziende kwenye bamba na stendi iwe kitu cha kuharibika. Risasi ikigonga bamba sugu husambaratika, na vipande vyake hutawanyika kwa kufuata uso wa bamba, hivyo kilichoko pembeni hukatwa kidogokidogo hata kama walengaji wote ni hodari. Bomba likipigwa linaweza kurusha vipande upande usiotarajiwa. Mbao hupasuka tu, kisha hubadilishwa.

Kwa hiyo miguu minne na mwamba wa juu, yaani ubao wa kulala unaobeba mabamba, ni mbao za inchi mbili kwa nne, ambazo kila duka la mbao linazo. Kilichotengenezwa na fundi ni viunganishi viwili tu vya chuma, kila kimoja kikiwa na matundu mawili ya miguu inayotanuka na tundu moja la mwamba. Hakuna msumari. Stendi ikichomolewa, yote hulala kwenye bajaji pamoja na mabamba. Kwa kuwa ardhi yetu wakati wa kiangazi haichimbiki, ncha za miguu zimekatwa mshazari ili zikae sawasawa, na siku ya upepo mkali kiroba cha mchanga huning'inizwa katikati ya mwamba, mbali na mabamba.

Kuhusu kuning'iniza, minyororo tumeiacha, kwa sababu pete ikigongwa hukatika na kuruka. Tunatumia vipande vya mkanda mkuukuu wa konveya, yaani mkanda mpana wa mpira wa kusafirishia mizigo viwandani. Bolti yenye kichwa cha mviringo hupita kwenye bamba na mkanda, na kati ya viwili hivyo pana kipande kifupi cha bomba kinacholisukuma bamba mbele. Uzito ukiwa mbele ya mkanda, uso wa bamba huinama wenyewe kuelekea chini, na vipande vingi huishia ardhini. Lengo ni mwinamo wa nyuzi 20 hivi. Fundi alirefusha kipande hicho hadi tukaridhika.

Kamati imeweka masharti yafuatayo, na haitayalegeza kwa mtu yeyote. Raifo haitafyatuliwa kwa umbali unaopungua mita 100. Risasi zenye kiini cha chuma hazitatumika kabisa, na zile zenye kasi inayozidi mita 900 kwa sekunde zitasubiri bamba la mbali zaidi, kwani kwa karibu huchimba hata chuma sugu. Kila aliyepo, mtazamaji akiwemo, atavaa miwani ya kinga. Nyuma ya stendi lazima pawe na tuta la udongo. Bamba lenye kishimo au ufa litaondolewa siku hiyohiyo. Wajibu wa kila mmiliki chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 unabaki palepale.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba idhini yenu kununua bamba la tatu, lenye kipenyo cha sentimita 20, pamoja na mbao za akiba. Stendi itatunzwa na Katibu, na mwanachama atakayeihitaji ataisaini kwake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti