Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Kisoma Skrini cha Windows au cha Kuongeza?

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtasomewa na mhazini, na habari za matawi zimo kwenye taarifa ya katibu. Mimi nitabaki kwenye jambo lililozua maneno mengi mwaka huu: uamuzi wa kamati kutolipia tena leseni za JAWS, kisoma skrini cha kulipia (programu inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini), kwa kompyuta za darasani, isipokuwa kwa mwanachama ambaye kazi yake inaidai.

Waliopinga wana hoja. JAWS ipo tangu enzi za DOS, mwaka 1989, na nguvu yake kubwa ni skripti: mtaalamu anaweza kuifundisha isome programu ambayo walioitengeneza hawakumfikiria asiyeona. Mwajiri mwenye mfumo wa zamani, ambao vitufe vyake havina majina, huenda asipate suluhisho jingine. Mwanachama wa namna hiyo tutamsaidia kumwandikia mwajiri wake barua, maana leseni hiyo ni kitendea kazi na mwajiri ndiye wa kuilipia. Lakini kwa anayejifunza Word, Excel na barua pepe, leseni iliyofungwa kwenye mashine ni mzigo. Ikikosekana, JAWS inafanya kazi dakika 40 tu, kisha inataka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Katika mtihani wa saa mbili hilo halivumiliki.

Wengine waliuliza: kama tunabana matumizi, kwa nini tusitosheke na Narrator, ambayo imo ndani ya Windows na hailipiwi? Jibu ni Kiswahili. NVDA, kisoma skrini cha kuongeza, nayo ni ya bure, na inakuja na sauti za eSpeak NG, Kiswahili kikiwemo, bila kuhitaji intaneti. Sauti hiyo ni kavu, sikatai, lakini irabu zetu inazitamka zilivyo. Kwenye mashine zetu Narrator haina sauti ya Kiswahili, kwa hiyo inasoma kwa Kiingereza: wilaya ya Same inakuwa "seim", na neno "wake" linakuwa "weik".

Hata NVDA hufanya hivyo isiporekebishwa, na hili ndilo lalamiko tulilolipokea zaidi. Kurasa nyingi za Kiswahili zimeandikwa ndani ya msimbo wake kwamba lugha yake ni Kiingereza. NVDA ikiona alama hiyo inabadili sauti, na habari nzima inasomwa kizungu. Bonyeza NVDA+Ctrl+S (hapa NVDA ni kitufe chake cha amri, Insert au Caps Lock) uchague eSpeak NG, kisha NVDA+Ctrl+V uchague sauti ya Kiswahili. Humo humo shuka kwa Tab hadi "Automatic language switching", uondoe tiki kwa Space, ubonyeze Enter, halafu uhifadhi kwa NVDA+Ctrl+C. Kasoro yake ni kwamba Kiingereza nacho kitasomwa Kiswahili. Anayefanya kazi kwa lugha zote mbili atengeneze wasifu wa kila programu kwa NVDA+Ctrl+P, ili kivinjari kiwe na mpangilio wake na Word iwe na wake.

Msiidharau Narrator kwa hayo. Kompyuta mpya inapoanzishwa mara ya kwanza, kabla hujaweza kuweka programu yoyote, ni hiyo tu itakayokusomea. Tena ndiyo inayotambua ugonjwa kompyuta inaponyamaza. Bonyeza Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja. Ikiongea, spika ni nzima na aliyelala ni NVDA: iamshe kwa Ctrl+Alt+N, kisha zima Narrator kwa vitufe vile vile. Ikiwa NVDA imewaka lakini haisemi, huenda kidole kimegusa NVDA+S, kinachobadili namna ya usemaji. Rudia hadi usikie "talk". Kama ukimya uko kwenye programu moja tu, jaribu NVDA+Shift+S, kwani huenda umeilaza humo. Narrator nayo ikinyamaza, hapo sasa angalia sauti na hedfoni kabla ya kumwita fundi.

Msiziache zote mbili zikiwaka. Kila moja inaweza kutumia Caps Lock na Insert kama kitufe chake cha amri. Zitagombea, na amri yako itaangukia usikokusudia.

Wanaotembea na NVDA kwenye flashi wajue kwamba nakala hiyo haisomi dirisha la Windows linaloomba ruhusa ya msimamizi. Windows hulitenga dirisha hilo na programu za kawaida, kwa usalama. NVDA iliyowekwa kwenye mashine inafika hapo na kwenye ukurasa wa kuingilia, lakini kwa mipangilio yake yenyewe. Ndiyo maana mtu aliyeweka Kiswahili bado anasalimiwa Kiingereza asubuhi. Kwenye mipangilio ya jumla kuna kitufe cha kunakili mipangilio yako huko. Kinahitaji haki za msimamizi, na ukiwa na viongezo (programu ndogo za kuongezea NVDA uwezo) usivyoviamini usikibonyeze.

Wenye vifaa vya nukta nundu: mkiwasha nukta nundu ndani ya Narrator, dereva (programu inayokiunganisha kifaa na Windows) inaweza kubadilishwa, NVDA isikione kifaa. Rudini kwenye mipangilio ya Narrator ya nukta nundu mchague dereva ya kisoma skrini kingine.

Kuhusu matoleo, la kwanza la kila mwaka, lenye .1 mwishoni, ndilo linaloweza kuvunja viongezo. Msilipakue wiki ya mtihani. Mashine zenye Windows 7 zinaishia NVDA 2023.3.4. Windows 10 nayo ilikoma kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. NVDA bado inafanya kazi humo, ila kamati haitapokea tena msaada wa kompyuta zisizoweza kupanda Windows 11.

Tangu toleo la 2025.1, NVDA ina njia ya kuunganishwa kwa mbali bila kiongezo, na tutaitumia kuwasaidia walio mbali na ofisi. Anayeunganishwa anaitawala mashine yako yote, kwa hiyo nywila ya muunganisho usimpe mtu usiyemjua. Kabla ya kupiga simu, andaa maneno ya mwisho uliyoyasikia, toleo la NVDA (NVDA+N, kisha Help, kisha About), na toleo la Windows: bonyeza Windows+R, andika winver, bonyeza Enter.