Anwani ya intaneti isigeuzwe kitambulisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tatizo la kazi kukatika mtu anapohama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, ambalo sisi watumiaji wa intaneti wa Nyanda za Juu Kusini tumezoea kulilaumia bando au mnara, wakati mara nyingi chanzo chake kimo katika usanifu wa intaneti yenyewe.

Karani wa chama cha msingi cha kahawa huko Mbozi anatuma taarifa za mizani kwa Wi-Fi ya ofisi. Umeme unakatika, anahamia data za simu yake, na faili lililokwisha kufika nusu linaanza upya, ingawa kompyuta ni ileile na karani ni yuleyule. Kilichobadilika ni anwani tu, yaani namba ambayo mtandao hukipa kifaa ili data zikifikie. Itifaki ya TCP, yaani kanuni ambazo kompyuta mbili hufuata kutumiana data, hutambua kila muunganisho kwa anwani na namba za poti (milango ya programu) za pande zote mbili, hivyo anwani ya upande mmoja ikibadilika, muunganisho ule umekufa.

Anwani hiyo imebebeshwa kazi mbili: kueleza kifaa ni kipi na kueleza kiko wapi mtandaoni. Mwaka 1981, IPv4, kanuni ya anwani za intaneti, ilipochapishwa, kompyuta zilikaa mahali pamoja na jambo hilo halikuwa kero. Namba ya simu haikufungwa hivyo. Ukisafiri kutoka Iringa hadi Tunduma inabaki ileile, kwa kuwa mtandao huweka kumbukumbu ya mahali laini ilipo kando na namba yenyewe.

Dawa zimekwisha kubuniwa. Itifaki ya HIP hukipa kifaa utambulisho unaotokana na ufunguo wa kriptografia (usimbaji wa siri), nayo itifaki ya LISP, iliyochapishwa mwaka 2013, huziachia ruta, vifaa vinavyoelekeza data njiani, kazi ya kuoanisha utambulisho na mahali. Kuenea kwa hizo mbili kumekuwa kwa kusuasua. QUIC, itifaki ya kusafirisha data iliyokamilishwa mwaka 2021, naiona ina busara zaidi, kwa sababu muunganisho hupewa namba yake ndani ya programu na unaweza kuendelea hata anwani ikibadilika. (Wanaotuambia kwamba IPv6, toleo jipya la anwani hizo, peke yake itamaliza tatizo hili wanachanganya mambo: imeongeza wingi wa anwani, si kuzigawanya kazi.)

Kinachonikera zaidi ni mifumo ya ofisi inayomruhusu au kumzuia mtu kwa kuangalia anwani yake. Katika mitandao ya simu, wateja wengi hutumia anwani moja ya IPv4 kwa pamoja. Ukimfungia mkorofi mmoja umewafungia na wasiohusika, na ukimruhusu mhasibu wako umewafungulia na watu usiowajua.

Naziomba halmashauri, SACCOS na vyama vya ushirika vinavyonunua mifumo viandike katika zabuni kwamba mtumiaji atambuliwe kwa cheti au ufunguo wake wa kidijitali, na kwamba faili lililokatika liendelee pale lilipoishia.

Fundi mitandao,
Soweto, Mbeya