Risala ya akina mama wasindikaji wa Temeke kwa mgeni rasmi: Sabasaba ikijengwa upya, tukumbukwe kabla ramani haijafungwa

Ndugu mgeni rasmi,
Viongozi wa kata na wa mtaa mlioambatana naye,
Wazee wetu, wanakikundi wenzangu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima tukakutana hapa leo. Wewe nawe tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibu sana.

Ndugu mgeni rasmi, kikundi chetu kilianza na akina mama 11, kila mmoja na sufuria yake na jiko lake la mkaa. Leo tuko 34, pamoja na vijana wetu wanaoendesha kirikuu na kubandika lebo. Tunasindika achari ya maembe, achari ya ndimu, unga wa lishe na dagaa wa kukaanga waliotiwa pilipili. Achari zetu zina nembo ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mafunzo ya kwanza tuliyapata SIDO, shirika la viwanda vidogo, na hatujaacha kuwashukuru. Hayo mengine utayaona mezani, hatutakuchosha nayo. Leo tumekuletea neno moja, nalo ni Uwanja wa Sabasaba.

Sisi wa Temeke uwanja ule wa Barabara ya Kilwa tunauita wa kwetu. Jina lake limetokana na tarehe 7 Julai 1954, siku chama cha TANU kilipozaliwa katika mji huu huu, na rasmi unabeba jina la Mwalimu Julius Nyerere. Maonesho ya kimataifa yanahesabiwa tangu mwaka 1977, na mwaka 2025 yalifanyika ya 49, kuanzia Juni 28 hadi Julai 13. Humu ndani wapo waliopelekwa pale wakiwa wamebebwa mgongoni, wakaenda tena na walimu wao wakiwa wamevaa sare, na sasa wanakwenda na makatoni ya bidhaa zao wenyewe. Kwetu Sabasaba ndiyo shule ya biashara. Pale ndipo tulipojifunza kwamba mteja husoma lebo kabla ya kuonja, na kwamba chupa isiyo na tarehe ya kuisha hairudi kununuliwa mara ya pili.

Kwa hiyo tunaposikia habari za kuujenga upya uwanja ule, uwe na kumbi za kudumu za maonesho na za mikutano kwa ubia kati ya serikali na sekta binafsi, tunafurahi kwa dhati. Maonesho ni siku 16. Mteja aliyeonja achari yetu Julai 5 akaipenda, akiitafuta Novemba hajui atupate wapi. Uwanja ukiwa na kumbi zinazofanya kazi mwaka mzima, mteja huyo tunaye.

Ila tunaomba utusikilize kuhusu namna ya kujenga, maana sisi ndio tunaoingia na mzigo.

Ndugu mgeni rasmi, miaka michache iliyopita tulikwenda kwenye maonesho fulani mkoani, mbali na hapa. Lori lilitushusha getini usiku, tukaambiwa magari hayaruhusiwi kuingia zaidi ya pale. Kutoka getini hadi kwenye hema letu palikuwa na mwendo kama wa viwanja viwili vya mpira. Mvua ilikuwa imenyesha jioni, njia yote tope. Tukabeba makatoni kichwani, akina mama watu wazima, mmoja wetu akiwa na ujauzito wa miezi sita. Katoni ikilowa chini huachia ghafla, haikupi taarifa. Chupa 48 za achari ya ndimu zilivunjika njiani, na asubuhi tukaamkia kuokota vigae kwenye tope, mikono ikiwasha kwa pilipili na ndimu iliyoingia kwenye michubuko. Ndani ya hema tulikuta soketi moja ya umeme kwa washiriki sita. Maji ya kunawia mikono tulifuata chooni kwa ndoo, na sisi tunauza chakula.

Hatusemi haya kumlaumu mtu. Tunayasema kwa sababu ukumbi wa maonesho wageni huutazama kwa mbele, kwenye vioo na bendera, na sisi tunaujulia kwa nyuma. Je, lori linaweza kurudi kinyumenyume hadi mlangoni? Mlango una upana wa kupitisha mashine ya kukamua alizeti bila kuifungua vipande? Sakafu ina mifereji inayopitisha nyaya na mabomba chini, ili kila meza ipate umeme na maji, au nyaya zitakatiza miguuni mwa watu? Kuna stoo ya kufunga mzigo usiku, na chumba cha baridi kwa wenye samaki na maziwa? Kuna mahali mama anaweza kukaa akanyonyesha? Mambo haya yakiwemo kwenye ramani tangu mwanzo, gharama yake huwa ndogo. Yakikumbukwa baada ya zege kukauka, hayawekwi tena.

Katibu wetu amefuatilia habari za wenzetu wa New Delhi, huko India, waliotutangulia katika jambo hili. Wana uwanja unaoitwa Pragati Maidan, maana yake medani ya maendeleo. Neno hilo medani tunalo sisi, na wao wanalo. Uwanja wao ulifunguliwa mwaka 1972 kwa maonesho ya nchi za Asia, ukazeeka kama wetu ulivyozeeka. Walipouendeleza upya walichimba handaki la zaidi ya kilomita moja chini yake ili magari yasisongamane, na sisi tunaoijua foleni ya Barabara ya Kilwa mwezi wa saba tunaelewa maana ya jambo hilo. Julai 26, 2023 wakafungua ukumbi mkubwa wa mikutano, Bharat Mandapam. Septemba 9 mwaka ule ule wakuu wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa duniani, wakakutana ndani yake, na ni katika ukumbi huo ndipo Umoja wa Afrika ulipopokelewa kuwa mwanachama wa kudumu. Mwenyekiti wa Umoja wakati ule alikuwa Rais Azali Assoumani wa Komoro, jirani yetu wa bahari hii hii, akaitwa asogee aketi pamoja nao mezani. Tulipoitazama picha ile tulijisikia kuitwa sisi.

Lakini katika uwanja ule ule kuna lililotuuma. Kulikuwa na jengo lililojengwa kwa ajili ya yale maonesho ya mwaka 1972, Jumba la Mataifa, kazi ya msanifu Raj Rewal na mhandisi Mahendra Raj. Paa na kuta zake zilikuwa wavu mmoja mkubwa wa zege, uliomwagwa kwa mikono ya vibarua wengi kwa sababu chuma kilikuwa ghali. Wasanifu wa ndani na nje ya India waliomba libakizwe. Aprili 2017 likabomolewa, usiku. Wapo waliokuwa vibarua pale ambao leo hawana la kuwaonesha wajukuu. Sisi hatusemi kila banda la Sabasaba libaki, mengi yamechoka kweli. Tunaomba tu kabla greda halijaingia, apatikane mtu wa kupita na kuuliza, hili banda la Karume lina historia gani, na lile je, na lipi linaweza kukarabatiwa likasimama katikati ya mapya.

Na kuna jema la kuiga pale pale. Katika maonesho yao makubwa ya kila Novemba, vikundi vya akina mama kutoka vijijini vina sehemu yao inayojulikana, inaitwa Saras. Mteja anayetaka viungo, vitambaa au vyakula vya mikoani anajua aelekee wapi.

Hapa nyumbani tunayo Arusha. Majengo ya AICC, Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, yale matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalikusudiwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata yakawa kituo cha mikutano. Baadaye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa pale kwa miaka mingi, pamoja na ofisi za kila aina. Mikutano ilikuja na kuondoka, wapangaji ndio walioshika nyumba. Sabasaba nayo itahitaji wapangaji wa kila siku, na sisi tuko tayari kuwa miongoni mwao.

Hofu yetu ni kodi. Mwekezaji akiweka fedha zake lazima zirudi, hilo ni haki yake. Lakini akipanga bei kwa mita za mraba kwa kipimo cha kampuni kubwa, sisi tunaouza chupa moja moja tutarudi kwenye turubai nje ya ukuta. Tunaomba mkataba wa ubia wenyewe utaje eneo la wasindikaji wadogo, utaje kwamba kodi yake italipwa kwa siku au kwa wiki, na utaje kwamba vikundi vinaruhusiwa kushirikiana meza moja. Mwekezaji hubanwa na kilichoandikwa.

Tunaomba pia wafikiriwe wanaoishi kwa uwanja ule bila kuwa na banda: mama lishe wa getini, vijana wa guta wanaobeba mizigo, mafundi wanaosimamisha mabanda kila Juni. Ujenzi ukianza, wao watakuwa wapi miaka hiyo yote? Wapewe kazi kwenye ujenzi, na wapewe eneo mbadala lililo karibu, si nje ya mji.

La mwisho tunalokuomba, ndugu mgeni rasmi, liko ndani ya uwezo wako leo hii. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Tunakuomba utufikishie kwa TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara yenye dhamana ya uwanja, ombi la kukaa na wachoraji wa ramani siku moja tu. Tutakwenda watu watatu. Tutabeba katoni moja ya achari iliyojaa, tuwaombe wahandisi waibebe kutoka mahali lori linaposimama hadi mahali meza itakapokuwa, kwa hatua zile zile zilizomo kwenye mchoro wao. Baada ya hapo hatutakuwa na hotuba.

Risala hii imeandikwa na katibu na kupitishwa na wanakikundi wote katika kikao chetu cha Jumapili. Mezani tumekuandalia zawadi ndogo: chupa yenye kifuniko chekundu ni achari ya ndimu, yenye kifuniko cha kijani ni ya embe, haina pilipili kali.

Tunaomba kuwasilisha.