Magugu yanasafisha, sawa. Nani anayavuna?

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lenu na kunyamaza, lakini ile habari yenu ya mimea inayoelea kusafisha maji taka ya majumbani imenikaa kooni. Picha kubwa, wakubwa ndani ya mabuti mapya, kila mmoja kashika mche wa gugumaji kama bibi harusi na maua yake. Nimeisoma hadi mwisho nikitafuta sentensi moja tu inayosema nani atayavuna. Haimo.

Sibishi kwamba mimea hiyo inafanya kazi. Nimestaafu ubwana afya, nayajua hayo. Bakteria hukaa kwenye mizizi inayoning'inia, taka hunasa humo, na mmea hufyonza nitrojeni na fosforasi, yote bila umeme. Lakini alichofyonza mmea hakijapotea, kimo mwilini mwake. Usipoutoa utazeeka, utakufa, utaoza, na kila kitu kitarudi kwenye maji. Nalo gugumaji likishiba maji ya chooni laweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Kupanda hata mtoto anaweza: unatupa mche unaondoka. Kazi ni kuvuna.

Mtaani kwetu tulijengewa bwawa la maji taka la kupandwa magugu hayo na taasisi ambayo sitaitaja. Siku ya uzinduzi tukapewa fulana na soda, utepe ukakatwa, wageni wakapanda magari yao. Hatujawaona tena. Magugu yakafunga bwawa lote, kijani kibichi, maji huyaoni. Mbuzi wa jirani yangu, jike lenye mimba, akaona malisho. Alipiga hatua chache akazama hadi shingoni. Tulimvuta kwa kamba ya kuanikia nguo, mama wa watu akamwogesha kwa sabuni ya unga huku analia, na asubuhi mbuzi alikuwa amekufa. Mimi nikang'oa gugu moja pale ukingoni nikaligeuza. Mizizi myeusi, imejaa viluwiluwi vya mbu aina ya Mansonia, ambao hawapandi juu kuvuta hewa kama wenzao. Wanatoboa mzizi na kupumulia humo humo. Mwaga mafuta juu ya maji utakavyo, hao huwapati. Na jua, ambalo kwenye bwawa la wazi huua vijidudu bure, halipenyi tena. Nikaenda ofisini kwao. Kijana akanipokea kwa heshima zote: "Shikamoo mzee. Ule mradi ulishafungwa, na uvunaji haukuwa kwenye bajeti." Nikauliza, basi ufunguo wa lango anao nani? Akasema aliyekuwa nao amehamia Dodoma.

Nanyi mnatuandikia kwamba teknolojia hii "haina gharama"!

Halafu, Mhariri, nani kawaambia kwamba maji taka ya Mwanza yanafika bwawani? Mvua ikianza tu, huko milimani watu wanatapisha vyoo. Tundu linazibuliwa, mzigo unateremka juu ya mawe hadi Mto Mirongo, na Mirongo unaumwaga Ziwa Victoria. Hapo gugu la kuusubiri liko wapi? Mpangaji wa chumba kimoja juu ya jabali simlaumu sana, gari la kunyonya halipandi kule, na bei yake hana. Anayenikera ni yule wa ghorofa, lami inapita mlangoni kwake, lakini naye anasikilizia radi. Mjumbe anajua, mtaa mzima unajua, harufu inajua. Kesho yake mnatuletea habari kwamba magugu ziwani yameongezeka na wataalamu wanachunguza chanzo. Chanzo si ndicho hicho kinachoyalisha? Miaka ya 1990 ziwa hili lilizibwa hadi wakaletwa wadudu waitwao fukusi kutoka nje waje wayale magugu. Mwaka 2025 vivuko vya kati ya Kigongo na Busisi vilihangaika na magugu. Na sisi bado tunayapanda kwa hiari kwenye bwawa lililo jirani na mtaro unaoingia ziwani, tukiomba tu masika yasifurike.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kwenye jiwe la uzinduzi, chini ya jina la mgeni rasmi, liandikwe jina la mvunaji, mshahara wake wa mwezi, idadi ya reki na jozi za mabuti ya mpira, na mahali magugu yaliyovunwa yatakapotupwa, maana gugumaji karibu lote ni maji na toroli moja halifiki popote. Mvunaji asipopatikana, mgeni rasmi avune mwenyewe kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa mabuti yale yale ya kwenye picha. Mpiga picha wenu naye aje. Reki ya kwake nitaiazima kwa jirani.

Bwana Afya Mstaafu,
Mwanza