Kermit si katuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nisahihishe jambo linalorudiwa mno. Kila kikitajwa kile kipindi cha runinga cha vikaragosi, The Muppet Show, hakosi mtu wa kusema, "Aa, ile katuni ya chura na nguruwe." Si katuni. Katuni huchorwa. Kermit na Miss Piggy ni sponji na kitambaa, na ndani ya kila kichwa mna mkono wa mtu. Lugha yetu nayo imetuchanganya, maana siku hizi "kikaragosi" husemwa hata kwa picha za kuchorwa, ilhali jina lenyewe lina asili kwa Karagöz, yule bwana wa michezo ya vivuli ya Kituruki. Wala hakikuwa kipindi cha watoto. Jim Henson, Mmarekani aliyekibuni, alichoka kuhesabiwa mtu wa watoto, na kipindi cha pili cha majaribio, cha mwaka 1975, alikipa jina lenye maneno "ngono na vurugu".

Wengi hueleza mvuto wake kwa kumbukumbu za utotoni. Sikubaliani nao. Vijana waliozaliwa miaka ishirini baada ya kipindi kwisha hawana kumbukumbu hizo, na bado wanacheka. Kilichodumu ni ufundi, na ufundi huo unaelezeka.

Henson alianza runingani Washington mwaka 1955, na kipindi cha dakika tano kilichoitwa Sam and Friends. Kermit wa kwanza, ambaye hakuwa chura bado, alishonwa kwa koti kuukuu la mama yake Henson, na macho yake yalikuwa mpira wa tenisi ya meza uliokatwa nusu. Zama zile vikaragosi vya runinga vilichungulia juu ya kibanda, kana kwamba kamera imekaa ukumbini na watazamaji. Henson akakitupa kibanda. Ukingo wa picha ndio ukawa kibanda: kilicho chini yake, kwa mtazamaji, hakipo. Kuanzia hapo chura aliweza kusogea hadi uso wake ukajaza skrini, na kitambaa laini kikaanza kuonyesha mashaka, aibu na hasira, mambo ambayo kichwa cha mbao kisingeweza.

Deni la uhuru huo hulipwa na mchezeshaji. Anasimama mkono ukiwa juu ya kichwa, haoni kikaragosi chake, anatazama monita iliyowekwa chini. Na monita si kioo. Kwenye kioo, ukienda kulia kwako taswira inakufuata upande huohuo. Kwenye monita inaelekea kushoto. Mgeni wa kazi hii hukipeleka kikaragosi nje ya picha akidhani anakiingiza. Kule Elstree, jirani na London, kilikorekodiwa kipindi, seti zilijengwa juu ya nguzo ili wachezeshaji wasimame wima chini yake, huku nyota mgeni, yule msanii mashuhuri aliyealikwa, akitembea kwenye mbao zilizoinuliwa na kuonekana yuko sakafu moja na dubu. Kila mchezeshaji alivaa maikrofoni kichwani, hivyo mazungumzo na mwendo vilitoka kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Nyimbo ndizo zilizorekodiwa kabla.

Mkono wa kulia, wenye nguvu, huingia kichwani. Wa kushoto hushika fimbo nyembamba za mikono. Ndiyo sababu Muppet wengi, kama vikaragosi vya Henson vinavyoitwa, wana shoto, ukiwaangalia vizuri. Mhusika mmoja, Mpishi wa Kiswidi, hana fimbo: kichwa na sauti ni vya Henson, mikono ile ya nyama hasa ni ya mchezeshaji mwenzake, Frank Oz. Watu wawili katika mwili mmoja, na ucheshi mwingi unatokana na kichwa kujaribu kuielewa mikono yake.

Sasa mdomo, ambapo vipindi vingi vya vikaragosi huharibika. Vidole vinne hukaa taya la juu, dole gumba taya la chini. Anayeanza hufungua kwa kuinua vidole vinne. Kichwa kizima kinarudi nyuma na macho yanatazama dari kila neno. Inatakiwa ushushe dole gumba, vidole vya juu vitulie, macho yabaki kwa anayezungumziwa. Kosa la pili ni kufumba mdomo pale neno linapotoka, ikawa kikaragosi kinayang'ata maneno badala ya kuyatoa. Mdomo hufunguka pamoja na irabu.

Hapa Kiswahili kina neema yake, kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Lakini ukizifungulia zote sawasawa, kikaragosi kitatafuna kama mbuzi. Fungua sana penye mkazo, silabi ya pili kutoka mwisho, nyingine zipite kwa ufa mdogo tu. Katika "karibuni", bu ndiyo inayobeba. Penye m, b na p lazima midomo ikutane: "mtu" na "mbwa" huanza mdomo ukiwa umefumba, na ukikosea mtazamaji ataona kuna kitu hakikai sawa, hata asipojua ni nini.

Macho ni habari nyingine. Don Sahlin, fundi mkuu wa mwanzo wa Henson, alijali mno pembetatu ya macho mawili na pua. Mboni hazibandikwi katikati kabisa ya jicho. Huvutwa kidogo kuelekea puani, makengeza hafifu, na hapo ndipo kikaragosi kinaonekana kukutazama wewe. Ukiziweka katikati, kila jicho linakwenda zake na uso unakuwa kama wa mtu aliyepigwa na butwaa. Sahlin ndiye pia mwenye mshono uliokuja kuitwa kwa jina la Henson: sindano inapita ndani ya mkunjo wa upande huu na wa upande ule kama vipago vya ngazi, uzi unavutwa, kingo zinaingia ndani. Kisha nyuzi za kitambaa huchokolewa kwa ncha ya pini mpaka mshono unapotea.

Ufundi peke yake haungetosha kuvibeba vipindi 120, misimu mitano ya vipindi 24. Vituo vikuu vya televisheni vya Marekani vilikikataa kipindi. Lew Grade, bwana mkubwa wa televisheni wa Uingereza, ndiye aliyekitolea fedha, na kilianza kuonyeshwa mwaka 1976. Umbo lake ni la jumba kuukuu la burudani linaloendeshwa na watu wasiofaulu. Dubu Fozzie anatunga mizaha mibovu, Gonzo anajitoa mhanga kwa sanaa isiyoeleweka, na Kermit anahangaika nyuma ya pazia kuhakikisha angalau kitu kimoja kinakamilika. Mzaha ukiporomoka, kuporomoka kwenyewe ndiko kunakochekesha. Juu roshani wameketi wazee wawili, Statler na Waldorf, wanaokashifu kila kitu kabla mtazamaji hajakashifu. Hila ya werevu mkubwa hiyo: mkosoaji wa nyumbani anajikuta amenyang'anywa maneno.

Wageni mashuhuri hawakuenziwa, walitaniwa. Rudolf Nureyev, bingwa wa baleti, alicheza na nguruwe mkubwa kumzidi yeye. Mwigizaji Rita Moreno alipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 1977 kwa kipindi chake. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kukitafuta kile cha mwimbaji Harry Belafonte, cha msimu wa tatu. Ndiye huyohuyo aliyeimba "Malaika" pamoja na Miriam Makeba kwenye albamu yao ya 1965. Katika kipindi hicho aliimba wimbo uliotokana na masimulizi ya Guinea akizungukwa na vikaragosi vyenye sura za vinyago vya Kiafrika, vilivyotengenezwa kwa ajili ya wimbo huo, na alitaka visiige kinyago chenye maana ya kidini kwa watu wake. Henson alipofariki mwaka 1990, Belafonte aliuimba tena kwenye ibada ya kumkumbuka.

Muppet walipojaribiwa kurudishwa mwaka 2015 kwenye ABC, kituo cha televisheni cha Marekani, liliondolewa lile jukwaa la zamani, wakawekwa zaidi ofisini kwa mtindo wa kuiga filamu za maisha halisi. Kikafutwa baada ya vipindi 16. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa hilo hilo la jukwaa. Ofisini mzaha mbovu ni mzaha mbovu tu, hakuna ukumbi wa kuuzomea.

Kwa wanaotaka kujaribu: sponji ya godoro yenye unene wa sentimita moja hivi inatosha kwa kichwa. Gundi ya fundi viatu ipakwe pande zote mbili na iachwe mpaka isinate kidoleni, ndipo uunganishe; ukiharakisha, kiungo kitaachia siku ya kurekodi. Majaketi ya baridi ya mtumba, yale laini ya unyoyaunyoya, yanatoa kitambaa kizuri, ila kata ili upande unaovutika uzunguke kichwa, la sivyo mashavu yatakunjamana kila mdomo unapofunguka. Mboni zishikize kwa pini kwanza, uzitazame kupitia kamera kabla ya kuzibandika.

Na msifanyie mazoezi kamera ya mbele ya simu. Nyingi huonyesha picha iliyogeuzwa kama kioo, na mkono utazoea upande usio wenyewe. Tumieni kamera ya nyuma iliyounganishwa na runinga, runinga ikae chini sakafuni.

Msomaji wako,
Tanga